Ngozi Mpya ya Tabla

Nilipopelekwa Isiolo kuwa nesi, vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, vilikuwa vimeshapamba moto na hakuna mwenzangu aliyekubali kwenda. Mimi nilikwenda kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Kwetu ni Meru, juu kwenye mashamba ya kahawa. Ni safari ya saa chache tu kuteremka, lakini siku ile niliposhuka kwenye lori nikaona waya wa miiba, magunia ya mchanga na askari wanaopekua hata vikapu vya wanawake, niliona kama nimevuka mpaka.

Nyumba za hospitali zilikuwa zimejaa, nikapewa chumba nyuma ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja mzee. Yeye na mkewe waliishi wawili tu. Watoto wao walikuwa wakubwa, wengine Nairobi, wengine ng'ambo. Chumba changu kilitazamana na chao, na katikati palikuwa na ua wa saruji, bomba moja la maji na kamba ya kuanikia nguo.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tisa alasiri. Wodini tulilaza wagonjwa wawili kitanda kimoja, wengine chini: watu wa malori yaliyokanyaga bomu barabarani, wachungaji waliopigwa risasi wasiyojua ilitoka upande gani, watoto waliokonda mpaka unaogopa kuwachoma sindano. Nikirudi sikutaka chakula wala maneno. Nilitaka kulala. Na kila siku saa kumi, usingizi ukiwa ndio kwanza umenishika, ngoma ilianza ng'ambo ya ua.

Wiki ya pili nilishindwa kuvumilia. Nilivaa viatu nikaenda kugonga.

"Mzee, samahani," nikasema. "Saa hii ndiyo ninayolala."

Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, miguu ameikunja, mbele yake ngoma mbili fupi, moja ya mbao na moja ya shaba. Mkewe alikuwa kitandani, ameegemea mito mitatu, na kinanda kidogo cha upepo mapajani.

"Nisamehe, Sista," mzee akasema. "Hapana jua kama wewe nalala. Lakini saa kumi na mbili kafyu, kila mtu lazima nyamaza. Saa hii tu ndiyo iko."

Mkewe alijua Kiswahili kuliko yeye, maana alizaliwa nchini. "Kaa kwanza, mwanangu," akasema. "Ukisinzia hapa hatutakuamsha."

Nilikaa kwa adabu tu, na nikasinzia kweli. Nilipofumbua macho nilikuta nimefunikwa shali, taa ya chemli imewashwa, na mzee anafungia ngoma zake kwenye vitambaa. Hakuna aliyenicheka. Kesho yake nilirudi bila kugombana na mtu.

Kabla ya hapo mimi nilijua ngoma ni kitu cha kupigwa watu wakacheza. Hii haikuwa ya kucheza. Mzee aliiita tabla. Ile ya mbao, ya mkono wa kulia, ilikuwa na sauti kali iliyo safi kama kengele ndogo, na katikati ya ngozi yake palikuwa na duara jeusi lililong'aa. Ile ya shaba, ya mkono wa kushoto, ilinguruma, naye akisukuma kiganja juu yake mngurumo ulipanda na kushuka. Alinifundisha kuhesabu mapigo kumi na sita: piga kofi, hesabu vidole, piga kofi tena, halafu katikati ya safari unapunga mkono hewani bila kofi, kisha kofi la mwisho, na unarudi mwanzo. Pigo la kwanza ndilo kila kitu. Hapo ndipo mwimbaji na ngoma wanakutana.

"Yeye naimba, nakwenda mbali, nazunguka, napotea," alinieleza, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Mimi hapana fuata yeye porini. Mimi nakaa barabarani. Yeye narudi, nakuta mimi iko palepale."

"Ujanani mbele ya watu hakukaa barabarani," mkewe akasema. "Alikimbia mbio mpaka waimbaji wakamkasirikia."

Mzee akacheka. Alikuwa amejifunza India, kwa mwalimu aliyemfanya apige pigo moja kwa miezi mingi kabla ya kumpa la pili. Baadaye jamaa zake walimwita Afrika kuuza vitambaa, na mwimbaji pekee aliyempata Isiolo ni mwanamke aliyemwoa.

Mama yule alikuwa mgonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, na usiku hakuweza kulala bila mito. Daktari alikuwa ameshasema lililokuwa la kusema, na mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, nikawa mtu wa kumpa vidonge na kupima mapigo ya moyo wake. Nilifanya hivyo jioni, wakati anaimba. Nilimshika kifundo cha mkono nikitazama saa yangu, na mzee pale chini anahesabu ya kwake. Ndipo nikaona jambo. Pumzi ya mama ilipokaribia kuisha, mzee alipunguza mwendo kabla yeye hajaomba, ikaonekana kama ni mama mwenyewe aliyeamua kuvuta neno polepole. Na kila baada ya wiki chache, kabla ya kuanza, alichukua nyundo ndogo akagonga vipande vya mbao vilivyokaza kamba za ngozi, akailegeza ile ngoma ya kulia kidogo. Sauti ya mkewe ilikuwa inashuka, naye aliishusha ngoma pamoja nayo. Hakumwambia.

"Anadhani sijui," mama aliniambia siku moja mzee alipokuwa dukani. "Wewe pia usimwambie kwamba najua."

Mwaka ule mvua haikuja. Upepo ulikuwa mkavu hata midomo ya wagonjwa ilipasuka. Siku moja, katikati ya wimbo, ngozi ya ngoma ya kulia ilitoa mlio mfupi, kama mtu aliyekohoa, ikachanika kutoka ukingoni mpaka kwenye duara jeusi. Mzee aliweka vidole juu ya mchaniko akaviacha hapo. Mkewe aliimba maneno mawili zaidi peke yake, akaacha.

Fundi aliyekuwa akitengeneza tabla Nairobi alikuwa amerudi kwao India. Mzee aliandika barua kwa jamaa zake, na barua zikaenda na msafara wa malori, kwa sababu siku hizo gari halikutoka peke yake bila askari. Majibu hayakuja. Alijaribu kupiga ile ya shaba peke yake, lakini ilinguruma tu bila mwenzake wa kujibu, na mama akasema, "Acha. Nimechoka." Siku zilizofuata hakukigusa kinanda. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yaleyale, ila aliacha kuchana nywele, na jioni nilimkuta ametazama ukutani.

Hapo hospitalini palikuwa na mama mmoja Mborana aliyesafisha wodi. Umri wake ulikuwa kama wa mama yangu mzazi. Kabla ya vita walikuwa na mifugo huko chini, kupita Gotu. Mifugo iliisha. Habari za mumewe hakuzisema, nami sikuuliza. Alifanya kazi kimya, akikamua tambara kwa mikono yenye nguvu ya ajabu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kiborana changu kilikuwa sifuri.

"Mama," nikamwambia tukiwa tunakunja mashuka, "unajua kutengeneza ngozi ya mbuzi? Iwe nyembamba sana?"

"Najua. Ya nini?"

"Ya ngoma. Kuna mgonjwa."

Alinitazama kwa mashaka. "Mgonjwa anapigiwa ngoma? Hapana, Sista. Sisi tuliacha hiyo mambo."

Ilinichukua siku mbili kumweleza kwamba si ya kupunga pepo. Mwishowe nadhani hakuelewa, alinihurumia tu. Alikuja siku yake ya mapumziko na ngozi ya mwanambuzi aliyechinjwa kwa jirani yake, ameikunja ndani ya kikapu. "Salaam aleikum," akasema mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye bomba. Aliipaka majivu, akaitandaza kwa vigingi alivyovipachika kwenye nyufa za saruji, akaikwangua kwa wembe siku tatu mfululizo, kila alipotoka kazini. Mzee alikuja kuinua ukingo wa ngozi kuelekea jua. Mwanga ulipita.

"Karatasi," akasema. "Mama, wewe iko fundi."

Harufu iliingia kila mahali. Mama wa nyumba hakuwahi kula nyama maisha yake yote, akaziba pua kwa shali. "Miaka yote nimeimba juu ya mbuzi," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza namnusa." Kwa wiki kadhaa hatukuwa tumemsikia akifanya mzaha.

Kilichobaki ni lile duara jeusi. Mzee alinieleza kwamba bila hilo tabla ni ngoma tu kama nyingine. Hilo ndilo linaloifanya iimbe. Hutengenezwa kwa uji mzito wa wali na vumbi la chuma, tabaka juu ya tabaka. Wali tulikuwa nao. Vumbi la chuma nililiomba kwa fundi wa gereji kule Kiwanjani, akanikusanyia chini ya tupa yake, nikalitia kwenye mkebe wa vidonge na kurudi nao mjini kwa miguu.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari kijana alifungua mkebe akanusa. Uso ukambadilika.

"Hii ni nini?"

"Vumbi la chuma."

"La kazi gani?"

"La ngoma," nikasema, na hata mimi nikasikia jinsi jibu lilivyo baya.

Aliita mwenzake. Mwenzake alisema neno "baruti," nikapelekwa kituoni nikiwa na sare yangu nyeupe na kofia. Niliketishwa kwenye benchi. Nilikuwa nimesimama wodini tangu alfajiri, na nitasema ukweli: hofu yangu ilikuwa ndogo kuliko uchovu. Niliwaza tu kwamba benchi lile halina mahali pa kuegemea.

Inspekta alikuja baada ya muda mrefu. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndevu za siku mbili tatu. Alimimina vumbi kidogo kwenye karatasi, akaiwasha kiberiti. Cheche mbili tatu ziliruka, nikainuka kwenye benchi. Halafu karatasi ikaungua yote, na vumbi likabaki mezani vilevile.

"Si baruti," akasema. "Lakini bado sijaelewa."

"Muulize mwenye nyumba wangu," nikasema.

Mzee aliletwa, au tuseme alikuja mwenyewe kabla hajaitwa, maana habari ilikuwa imeshafika dukani. Aliingia ameikumbatia ile ngoma ya shaba ndani ya kitambaa. Mmoja wa askari aliinua bunduki. Mzee alikifungua kitambaa polepole, akaketi sakafuni bila kuambiwa, akaanza kueleza: ngozi iliyopasuka, wali, chuma, mkewe. Kiswahili chake kilimwishia. Basi akaacha maneno akaanza kutaja mapigo kwa mdomo, kama wanavyofundishwa kabla ya kugusa ngoma: *dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha,* mkono wa kushoto ukinguruma kwenye shaba na wa kulia ukigonga paja lake mwenyewe mahali ambapo ngoma ya pili ingekuwa.

Inspekta alikuwa amesimama. Akaketi. Akaweka kiwiko mezani na shavu kwenye kiganja, na macho yakafumba. Mzee alimaliza mzunguko akasita.

"Endelea," inspekta akasema bila kufumbua macho.

Aliendelea, polepole zaidi, kama alivyokuwa akimfanyia mkewe. Sijui ni dakika ngapi. Askari wawili walikuwa wameegemea ukuta. Inspekta aliposhtuka alijifuta uso kwa mkono, akatazama saa, akanisogezea mkebe.

"Nendeni nyumbani," akasema. "Kafyu imekaribia. Na Sista, siku nyingine andika kikaratasi ubandike juu."

Tulitembea haraka. Kwenye kona ya msikiti mzee alisimama kuvuta pumzi, akaniambia, "Ile mtu nahitaji kulala wiki moja." Nikamwambia sote tunahitaji.

Duara la kwanza lilipasuka lilipokauka, likabanduka kama rangi ya zamani. La pili hivyohivyo. Mzee hakuwa amefanya kazi ile tangu ujana wake, na vidole vyake havikukumbuka kila kitu. La tatu alilipaka tabaka nyembamba zaidi, na kila tabaka alilisugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka lipate joto. Alikaa uani mchana kutwa. Wateja walioingia dukani walimkuta hayupo wakaondoka. Duara lilishika.

Siku ya kuijaribu nilimwalika yule mama wa wodini. Alivua ndala, akakaa karibu na mlango, mgongo wima. Mzee aliikaza ngozi, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Sauti ya kengele haikuwapo. Palikuwa na mkwaruzo ndani yake.

"Mbaya," akasema. "Mwalimu yangu nasikia hii, nafukuza mimi."

"Na sauti yangu nayo ina mkwaruzo," mkewe akajibu. Alikuwa amechana nywele. "Piga."

Waliimba kitu kifupi. Pumzi yake haikutosha kwa kirefu. Kilipokwisha, mama Mborana alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja, taratibu, pigo la kwanza akiliweka mahali pake hasa. Hakuna aliyemfundisha.

"Hii kama ya watu wa kisima," akasema.

"Kisima gani, mama?" nikamuuliza.

Alitueleza kwa mikono kuliko kwa maneno. Kisima kirefu, wanaume wamepangana kutoka majini mpaka juu, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, wanapokezana ndoo. Wanaimba ili ndoo isichelewe. Yule wa chini kabisa, aliyesimama ndani ya maji, ndiye anayeshika mwendo. Akikosea, wote wanamwaga maji, na ng'ombe wanasubiri juu wakilia.

Mzee alielewa kabla sijamaliza kumfafanulia. "Ile ya chini," akasema kwa furaha, "ndiyo tabla!"

"Imba," mama wa nyumba akamwambia mwenzake. "Imba hiyo ya kisimani."

"Ni ya wanaume."

"Wanaume hawapo hapa. Huyu mume wangu anapiga ngoma tu."

Mama Mborana alijifunika mdomo kwa ushungi akaimba kwa sauti ya chini, mistari miwili inayorudiwa. Mzee alitafuta mwendo wake, akakosa, akakosa tena, akaupata. Ilipofika mara ya nne au ya tano mama kitandani aliidaka tuni bila maneno. Alianza kuizungusha kwa namna ya kwao, akiipeleka juu kidogo, akiikunja, akiirudisha, na kila aliporudi alimkuta mama Mborana na mume wake wamemngojea. Nilikuwa nimemshika kifundo cha mkono. Nilisahau kutazama saa.

Walipoacha, mama Mborana alivuta ushungi ukamfunika uso wote. Baadaye akasema, "Hii sijasikia tangu wanyama waishe," akavaa ndala zake, akaaga, akaondoka ili asikutwe na kafyu.

Alirudi mara nyingine tano au sita. Mama wa nyumba aliishi mpaka mvua zilipofika, akafa asubuhi moja nikiwa kazini. Walimchoma nje ya mji kwa desturi yao, kwa kibali, na watu wachache tu walioruhusiwa kwenda. Mama Mborana alisimama nami barabarani mpaka gari lililombeba lilipopita. Jioni ile saa kumi nilijilaza, nikapata usingizi mara moja, usingizi mzito usio na ndoto. Nilipoamka niliona aibu. Nilikuwa nimempenda, lakini mwili wangu haukuwa na nguvu za kumlilia.

Mzee hakupiga tena. Siku za matanga zilipita, na nyingine zikapita, ngoma zimefungwa kwenye vitambaa. Nilimwuliza kama tabla haiwezi kupigwa peke yake.

"Inaweza," akasema. "Ujana mimi napiga saa nzima, hakuna mwimbaji, watu nashangilia. Sasa hapana taka kushangiliwa."

Miezi michache baadaye mwanawe alikuja kumchukua. Duka lilikuwa limeshakuwa tupu. Asubuhi ya msafara mzee aliniletea zile ngoma mlangoni, akataka nizichukue. Nilikataa. Nilimwambia sijui kupiga, na kwamba huenda nikahamishwa wakati wowote. Hizo zilikuwa sababu za kweli, ingawa nimezifikiria sana tangu hapo. Hakunisihi. Alizipakata mwenyewe kwenye kiti cha mbele cha lori, moja kila goti, na malori yakaondoka kuelekea Nanyuki yakiwa na askari mbele na nyuma.

Nilikuwa nimechelewa zamu. Mama Mborana alikuwa ameshapiga deki nusu ya wodi.

"Ameenda?" akaniuliza.

"Ameenda."

Alikamua tambara. "Usiku wameleta watu wanne," akasema. "Yule wa mwisho, pale dirishani, hajapata maji." Nikavaa kofia yangu, nikachukua jagi, nikaenda dirishani.